Maiti Asiyekoshwa: Barua kwa Shoga Yangu wa Makunduchi

Wete, Pemba
Mfunguo Mosi, 1446

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam alaykum warahmatullah. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mdogo wako alipokuja Sikukuu, na kanga imefika. Jina lake nimelisoma, na najua umelichagua kwa makusudi, tutaonana. Sisi huku wazima, alhamdulillah, isipokuwa mama na magoti yake.

Nije kwenye suala lako. Unasema mlikuwa kwenye hitma, mmoja wenu akasema anayekufa kwa Marburg hakoshwi, anatiwa mfukoni na kutupwa shimoni, na wewe ukakasirika mpaka chai ikakushinda. Ukaniuliza: likija hilo kwetu, nyinyi wa hospitali mtatunyang'anya maiti wetu? Nakujibu kwa urefu, maana wewe ndiye unayekosha wanawake wa mtaa mzima, na siku ya siku watakusikiliza wewe kabla ya kunisikiliza mimi.

Maradhi haya yameingia Kagera mara mbili. Machi 2023 yalikuwa Bukoba Vijijini: wakaugua watu 9, wakafa 6. Januari mwaka huu wa 2025 yakatokea Biharamulo, na safari hii walihesabiwa watu 10, wawili waliothibitishwa na maabara na wanane waliodhaniwa kwa dalili zao. Hakupona hata mmoja. Yalitangazwa kwisha tarehe 13 Machi, sisi tukiwa kwenye kumi la pili la Ramadhani. Jina ni la mji wa Ujerumani, ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliambukizwa na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Jina wakapata Wajerumani, maradhi yenyewe ni ya huku kwetu Afrika.

Virusi hivi makao yao ni popo wala matunda wanaoishi mapangoni na kwenye migodi. Najua utaniuliza habari za popo wetu wa Kidike. Wale ni popo wengine, wakubwa, wanalala mitini, na hawapatikani popote duniani ila Pemba. Waacheni. Wazee wetu waliwawinda mpaka wakakaribia kwisha, haitakiwi leo tuwamalize kwa hofu ya maradhi yanayobebwa na jamaa zao.

Sasa sikiliza yanavyotoka kwa mtu kwenda kwa mtu, maana hapo ndipo penye jibu lako. Unakumbuka wakati wa Korona tulivyokuwa tukipiga nyungu? Ubaya wa Korona ni kuwa mtu aliigawa bado mzima, anacheka arusini, hajui kitu. Marburg na Ebola haviko hivyo. Aliyeambukizwa anaweza kukaa siku 2 mpaka 21 bila ya kuumwa, na siku hizo hampi mtu. Anaanza kuambukiza anapoanza kuugua, na kadiri anavyozidiwa ndivyo virusi vinavyojaa mwilini, mpaka saa ya kufa ndipo vinapokuwa vingi kupita kiasi. Viko kwenye damu, matapishi, choo, mkojo, mate, jasho. Kwa hiyo hayampati jirani aliyepita barazani akatoa salamu. Yanampata aliyemfutia mgonjwa matapishi, mama aliyemlaza mwanawe kifuani, nesi aliyechoma sindano bila ya glavu. Na mwisho kabisa yanampata mkoshaji.

Kazi yako unaijua kuliko mimi, lakini nifuate. Maiti yuko juu ya ufuo. Mmoja anamwaga maji, wewe umemwinua mgongo kidogo, mkono wa kushoto unampitishia tumboni taratibu, unakamua mpaka kilichobaki kitoke. Kisha unajifunga kitambaa mkononi umsafishe. Kitambaa kimerowa, maji yanawarukia miguuni, na kidoleni una jeraha la kisu ulichoparia samaki juzi. Hapo hapo, Zuwena. Mtu uliyemfanyia wema wa mwisho, na mkononi umeondoka na maradhi yake.

Guinea, Liberia na Sierra Leone waliyaona haya. Tangu mwisho wa 2013 mpaka 2016 Ebola iliwapata watu zaidi ya 28,600, wakafa zaidi ya 11,300, na maziko yalikuwa mlango mmoja mkubwa. Wale pia wanakosha maiti wao, wanawashika, wanawaaga. Wakaja watu wamevaa mavazi ya kinga toka utosini mpaka kisiginoni, hawajulikani sura, wakachukua maiti bila ya kuzungumza na wenyewe. Watu wakafanya ambalo na wewe ungelifanya: wakaficha wagonjwa, wakazika usiku kwa siri. Maambukizi yakazidi. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa la wenye mavazi kabla ya kuwa la wenye maiti. Hali ilianza kutengemaa walipoitwa maimamu na wachungaji, jamaa wakaachiwa kuchagua pa kuzika, wakaona kwa macho yao na kusali kwa mbali.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2014, na Waislamu tumo. Maiti hakoshwi kwa maji. Anatayamamishwa kwa mchanga badala ya maji na Muislamu aliyevaa kinga, anavishwa sanda nyeupe, anatiwa kwenye mfuko maalumu, anasaliwa, anazikwa. Na wewe umekaa chuoni, unajua kuwa maiti aliyeungua, ambaye maji yangemchuna, hutayamamishwa. Basi haikuzuliwa na madaktari. Kwa hiyo mwambie yule mwenzenu: kuwa hakoshwi ni kweli, kuwa anatupwa ni uongo.

Mimi nina langu moja la kuongeza. Ningetaka maiti wa kike ashughulikiwe na wanawake, na hilo halitawezekana kama wanawake wa mtaani hawajafundishwa kuvaa yale mavazi, na hasa kuyavua, maana kwenye kuvua ndiko watu wengi wanakojigusa uso na glavu chafu. Kukosha mikono kwa sabuni usikudharau: kirusi hiki kimevikwa ngozi ya mafuta, na sabuni inaikata kama inavyokata samli kwenye sufuria.

Watu wakisikia maradhi makubwa wanauliza dawa. Chanjo ya Ebola ile ya aina ya Zaire ipo. Ya Marburg iliyoruhusiwa kwa watu wote haipo bado. Kinachozima moto ni kuwajua waliogusana na mgonjwa. Julai 2014 msafiri kutoka Liberia alishuka Lagos akiwa tayari mgonjwa wa Ebola, mji una mamilioni ya watu, kila mtu akasema Nigeria imekwisha. Daktari mmoja mwanamke, Ameyo Adadevoh, alikataa kumruhusu atoke hospitali ingawa alishinikizwa. Yeye mwenyewe aliambukizwa akafa, Mungu amlipe. Kisha waliogusana na wagonjwa, karibu watu 900, wakafuatwa majumbani, wanapimwa joto mpaka zitimie siku 21. Nigeria nzima wakaugua watu 20, wakafa 8.

Kazi hiyo si ngeni Zanzibar. Leo akipatikana mgonjwa wa malaria kituoni, anafuatwa mpaka kwake na wa nyumba yote wanapimwa, ndiyo maana malaria imepungua hivi. Lakini malaria haina aibu. Kinachonitia wasiwasi ni maradhi yenye aibu. Kwenye kipindupindu nimeona mgonjwa anaharisha maji ya mchele, na jamaa wamesimama mlangoni wananiambia kala embe boribo limemkataa. Ukimuuliza nani kamuuguza, wote wanatazama chini. Sasa fanya ni Marburg, na kila jina lililofichwa ni mtu anayepanda boti kesho kwenda kwa shangazi yake.

Na boti zenyewe usizitegemee sana. Kile kipima joto cha bandarini kinamkamata aliyekwisha kuumwa tu. Mtu akitoka Kagera na siku yake ya nne, anakaa ndani ya basi, analala Dar es Salaam, anashuka bandarini Malindi, Unguja, mzima hana hata kikohozi. Wiki ya pili homa inamshika, kichwa, viungo vinamuuma, na kila mtu anasema malaria. Kwa hiyo la maana ni kituo cha afya atakachofikia, kama nesi wa pale atavaa glavu na kumuuliza: umetoka wapi? Kuwahi kuna faida kwa mgonjwa mwenyewe pia. Rwanda mwaka jana, 2024, waliugua Marburg watu 66, wengi wao ni watumishi wa afya, na waliokufa ni 15. Hao wengine walipona kwa kupata huduma mapema na nzuri.

Yupo atakayekwambia kuwa kujitenga ni kuikimbia kadari. Mkumbushe Sayyidna Umar alivyorudi njiani alipoambiwa Sham kuna tauni, na ile amri ya Mtume kuwa aliye nje ya mji wa tauni asiingie na aliye ndani asitoke. Hayo yalisemwa zaidi ya miaka 1,200 kabla Waingereza hawajajenga karantini yao pale kisiwani Changuu, ambako sasa watalii wanalisha kobe.

Na usikate tamaa: hata ndui imekwisha duniani. Mtu wa mwisho kuipata mtaani alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Marka, Somalia, mwaka 1977. Alikaa muda mchache tu kwenye gari moja na wagonjwa. Kwanza walidhani ana malaria! Akapona, na baadaye akawa anazunguka kuwahimiza watu wachanje watoto wao polio. Watu wa namna hiyo ndio ninaowataka, waliopatwa na jambo kisha wakalisema.

Sasa ninalolitaka kwako. Nyinyi wakoshaji wa Makunduchi mko wangapi, na ni nani kati yenu anayekosha mikono mitupu? Niandikie idadi, hata kama ni wote, niseme na wenzangu tuwapatie glavu na klorini na mtu wa kuwafundisha. Na umfikie sheikh wenu kabla ya kufikiwa na maneno ya hitma, umuulize habari ya tayamamu, aizungumze msikitini wakati hakuna mgonjwa hata mmoja. Siku ya msiba hakuna anayesomeshwa.

Msalimie shemeji na watoto. Mwambie Bi Mkubwa dawa yake ya macho nimeipata, itakuja na boti ya Jumamosi kwa mkono wa mwanangu.

Shogayo,
Mize