Salamu za Krismasi: Viatu Vilivyoisha Njiani

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki,

Nawasalimu kwa upendo, nikiwatakia Krismasi yenye amani. Majira haya, mabasi yanapojaa watu wanaorudi kwao, mawazo yangu yamekuwa Maryland, Marekani, kwenye Krismasi ya mwaka 1854, ambapo vijana watatu walifika kwa mama yao wasiweze kupiga hodi.

Hao walikuwa Robert, Ben na Henry, watumwa waliokuwa wauzwe siku iliyofuata sikukuu. Dada yao, Harriet Tubman, aliyetoroka utumwa mwaka 1849, alirudi kuwachukua, wakajificha katika kibanda cha mabua ya mahindi karibu na nyumba ya wazazi wao. Mama yao, Rit, alikuwa akiwangoja waje kula naye, lakini hawakuthubutu kumwambia, wakihofia kwamba angeangua kilio na kuwafichua; wakamtazama tu kwa dirishani, amekaa kando ya moto. Baba yao, mzee Ben Ross, aliwapelekea chakula bila kuwaangalia, na usiku akawasindikiza akiwa amejifunga kitambaa machoni, ili atakapohojiwa aseme kweli kwamba hakuwaona wanawe. Kila nikimfikiria mzee huyo akipapasa njia gizani, machozi hunilengalenga.

Mjini Wilmington, Delaware, walipokelewa na Thomas Garrett, mfanyabiashara wa chuma na muumini wa dhehebu la Kikristo la Marafiki, yaani Waquaker, ambaye mwaka 1848 mahakama ilikuwa imemtoza faini nzito kwa kuwasaidia watoro, naye asiache. Katika barua yake ya tarehe 29, mwezi wa 12 (Marafiki wa enzi zile waliihesabu miezi kama sisi, wala hawakuitukuza Krismasi kuliko siku nyingine), aliandika kwamba Harriet na mmoja wa wanaume aliofuatana nao walikuwa wametembea hadi viatu vikawaishia miguuni, akawapa dola 2 na kuagiza gari la farasi likodiwe kwa gharama yake. Kwake hiyo haikuwa zawadi ya sikukuu. Ilikuwa kazi ya kila siku.

Mwaka 1857 Harriet aliwachukua pia wazazi wake, akawafikisha Kanada, walikokuwa wana wao.

Basi ninyi mnaosafiri, Mungu awafikishe salama. Mkifika, pigeni hodi kwa sauti, mama asikie tangu jikoni.

Krismasi njema.