Mwanangu, kuhusu zile ndimi za samaki

Kisiwa cha Røst, Lofoten, Norwei, Februari

Baba,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa bado sijavua mabuti, mwenzangu wa chumba akaniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia hapana, ni mwanangu anaomba kazi. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana kwenye simu wewe ni "ndiyo mama, sawa mama", na macho yako kwenye gemu.

Unataka kuja huku likizo hii ukate ndimi. Mwenzako wa darasani alirudi mwaka jana na hela ya baiskeli, na wewe hesabu ya kuzidisha unaijua. Basi nikueleze kazi yenyewe, usije ukadhani ni kuchuma maembe.

Samaki wa huku ni cod. Akishatumbuliwa, kichwa kinakwenda kwenye beseni kubwa la plastiki. Hapo ndipo watoto wanapoingia. Ni desturi ya zamani ya pande hizi kwamba ulimi ni kazi ya watoto, na hela yake ni yao. Unasimama mbele ya ubao wenye mwiba wa chuma uliosimama wima. Unakichomeka kichwa pale chini ya kidevu, unapitisha kisu, unavuta, na ulimi unabaki mkononi mwako. Wenyewe wanauita ulimi, ila ni kinyama cha chini ya taya, na ukikipaka unga na kukikaanga kwa siagi utaniomba kingine. Kuna binti mmoja hapa, hata wewe unamzidi umri, nilimhesabia vichwa zaidi ya 15 kwa dakika moja huku anaongea na rafiki yake. Mimi nilijaribu nikajikata glovu. Vichwa navyo havitupwi: vinatungwa kamba, vinaanikwa, vikikauka vinasafirishwa Nigeria kwa ajili ya supu.

Baridi utaizoea. Harufu haitakuzoea wewe. Utaoga na shule watajua ulikuwa wapi.

Juzi nilimpigia bibi yako kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikamwambia ombi lako. Akanyamaza hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mmefika Ulaya, na mtoto anakwenda kukata vichwa vya samaki?" Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyekuwa ananiamsha kule Baraka, Kongo, alfajiri nikaanike ndagala, wale dagaa wa ziwani, kabla ya shule. Akajibu, "Wale walikuwa ndagala wetu."

Nimelala na neno hilo siku kadhaa. Hajakosea. Samaki wa hapa si wetu, boti si zetu, na sisi tunalipwa kwa saa. Ndiyo maana nina sharti moja, na baba yako amekubali: hela utakayopata ni yako. Usiniletee eti ya kodi ya nyumba. Nilisikia ulivyomuuliza baba yako bei ya umeme mwezi uliopita. Umeme si kazi yako.

Sasa lile ulilouliza mwishoni, kwa maneno manne tu, kama vile halina uzito: "Na kwa nini unaenda?"

Babu yako, ambaye jina lake unalibeba, alikuwa mvuvi wa taa. Ziwa Tanganyika linavuliwa usiku, kwa karabai; ndagala wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa na taa haina maana, basi wavuvi wanabaki nyumbani. Kwa hiyo sisi watoto hatukuwa na kalenda. Tulitazama juu. Siku za giza baba hayupo usiku, analala mchana na tunakatazwa kelele. Siku za mbalamwezi baba yupo, anashona nyavu mlangoni, anatusimulia uongo wake mtamu. Mpaka leo nikiuona mwezi mkubwa moyo wangu unasema baba amerudi, na amekufa zamani.

Huku pia giza ndilo la kazi. Skrei, yaani cod wa kuhama, anashuka kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga mayai Lofoten kuanzia Januari, na ikifika mwisho wa Aprili ameshaondoka. Hakuna wa kumwambia asubiri mtoto wangu amalize mitihani. Nilipofika mwezi uliopita, saa nane mchana taa za barabarani zilikuwa zinawaka. Kule nyumbani Bodø mimi ni wa kuitwa kwa simu, leo kufagia ofisi, kesho hakuna. Msimu mmoja huku, pamoja na ovataimu, unanipa pumzi ya miezi, na kuanzia Mei mimi ni wa nyumbani hata mnichoke. Hiyo ndiyo hesabu tuliyopiga na baba yako mezani, wewe umelala. Ni mama wa simu kwa miezi minne, halafu mama wa jikoni kwa minane.

Hesabu hiyo ina tundu, najua. Siku yako ya kuzaliwa ulipotimiza miaka 10 nilikuwa nimeomba ruhusa na tiketi ninayo, upepo ukafuta feri. Nilikaa bandarini na begi mpaka jioni. Mliniimbia kwa simu, nikawaambia mtandao mbaya nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Ukija nitakuonyesha vichanja vya kuanikia samaki. Ni vile vile vya kwetu, ila vya miti mirefu kupita mtu, na samaki wanafungwa wawili wawili mikiani. Hawatiwi chumvi hata punje. Baridi ikizidi, nyama inapasuka. Joto likiingia, inzi wanakuja. Na hapa hali ya hewa inakaa katikati kwa sababu mkondo wa bahari unaleta uvuguvugu kutoka kusini. Mwaka 1432 kuna mfanyabiashara wa Venice, Pietro Querini, aliyetupwa hapa na dhoruba, watu wa kisiwa wakamlisha miezi kadhaa, akaondoka na habari za samaki huyu. Hadi leo Waitalia ndio wateja wakubwa. Mwenyeji wetu anaisimulia kana kwamba alikuwepo.

Kwa hiyo njoo. Una miaka 13, sheria inaruhusu kazi nyepesi ukiwa na ridhaa ya wazazi, na ridhaa umepata. Siku ya kwanza hutakata, utatazama. Kisu nitakunolea mimi.

Mwambie baba yako akupe unga wa ugali kilo mbili, wangu umeisha. Mwenzangu wa chumba Mlithuania ameupenda na anaula na siagi, Mungu amsamehe. Lete soksi za sufu, zile za bibi wa jirani, si za dukani. Kwenye feri kaa katikati, usishike simu, tazama mbali. Upepo ukiifuta, usikasirike, nipigie tu.

Kitanda cha juu hakina mtu. Nimeshauliza.

Mama