Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: taa za lori zikaguliwe tela ikiwa imefungwa

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni mafundi umeme wa magari makubwa. Tunakuandikia kuhusu taa za nyuma za malori ya tela: breki, indiketa na hazadi (indiketa zote zikipepesa kwa pamoja). Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iko chini ya wizara yako, na tunaomba kanuni zake ziguse mambo matatu.

La kwanza ndilo zito. Taa zikikaguliwa moja moja (kanyaga breki, washa kulia, washa kushoto, nenda) ubovu mkubwa wa tela hauonekani. Umeme wa volti 24 unatoka kwenye kichwa cha lori na kuingia kwenye tela kupitia plagi ya pini saba. Pini namba 1, yenye waya mweupe, ni ethi, na taa zote za tela hurudishia umeme hapo. Soketi ikiingia maji na vumbi, pini hiyo inashika kutu ya kijani. Taa moja bado itawaka vizuri, kwa sababu umeme unarudi kupitia chuma pale tela inapokaa juu ya kichwa. Lakini washa taa ndogo, ongeza indiketa, halafu kanyaga breki: breki inafifia, taa ndogo zinazimika, indiketa inacheza upande usiowashwa. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapitia kwenye balbu za jirani. Aliye nyuma usiku kwenye mteremko wa Kitonga hawezi kujua kama lori linafunga breki au linakata kona.

Kwa hiyo kanuni itamke wazi: kichwa na tela vikaguliwe vikiwa vimeungwa, taa zote zikiwa zimewashwa kwa pamoja, mkaguzi akiwa nyuma. Ni kazi ya dakika chache, na malori tayari yanasimama kwenye mizani kama Vigwaza na Mikese. Stika ya ukaguzi ya mara moja kwa mwaka haitoshi, maana tela iliyokaguliwa na kichwa hiki wiki ijayo inavutwa na kingine, chenye soketi nyingine.

La pili ni indiketa. Madereva wetu wamezoea kuwasha ya kushoto kumwambia aliye nyuma "pita", na ya kulia kumwambia "usipite". Wanafanya kwa nia njema, lakini taa hiyohiyo ya kulia ndiyo ya kukata kona kulia, na ya kushoto ndiyo ya kuegesha. Anayeamini "pita" anaingia upande wa pili kwa macho ya mtu mwingine. Tunaomba indiketa ibaki na maana moja tu, na jambo hili lifundishwe kwenye mafunzo ya leseni za magari makubwa.

Hapo hapo kuna suala la taa za LED, zinazotumia umeme kidogo kuliko balbu. Indiketa inatakiwa ipepese mara 60 hadi 120 kwa dakika. Balbu ya kawaida ya wati 21 ikiungua, flasha (kifaa kinachopepesa indiketa) inakimbia na dereva anajua kuna tatizo. Wengi wakifunga LED wanaweka flasha isiyojali kiasi cha umeme ambacho taa zinavuta, na onyo hilo linapotea: taa ya tela inaweza kufa Morogoro na dereva akafika Tunduma bila habari. Anayebadilisha alazimike kufunga na kifaa cha kumwonya dereva.

La tatu, hazadi. Zikiwa zimewashwa, kwenye malori mengi indiketa haifanyi kazi, kwa kuwa balbu ni zilezile. Lori lililobeba mzigo likipanda mlima kwa mwendo wa kutambaa, tunaona ni sawa kuziwasha. Kwenye mvua, ukungu au makutano, lori likiwa kwenye mwendo wa kawaida, zizimwe.

Tuko tayari kuwaonyesha wakaguzi wako kipimo cha ethi kwenye kituo chochote cha mizani. Kinachohitajika ni lori lenye tela na mtu wa kukanyaga breki.

Wako katika kazi,
Mafundi umeme wa malori