Barua kwa Salim, gadi wa kushoto

Mwanangu Salim,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kazini, nikaurudia nyumbani baada ya kula. Unasema mwenzenu katika timu yenu ya futiboli ya Kimarekani amevunja rekodi ya chuo ya yadi za kukimbia na mpira katika mechi moja, kamera zimemzunguka, jina lake limewaka kwenye ubao mkubwa wa uwanja, na wewe uliyekuwa mbele yake mechi nzima hakuna aliyekuuliza kitu. Babu yako naye kakupigia kutoka Tanga kuuliza umefunga mangapi, ukakosa la kumjibu. Sasa unataka kumwomba kocha akuhamishe, uwe unapokea mipira, ili nawe uwe na takwimu zako.

Sikukatazi. Mwili ni wako na kocha ni wako. Ila kabla hujabisha hodi ofisini kwake nisikilize kwanza, maana kwa miaka niliyokaa hapa Fort Worth nimeujua mchezo huu kuliko unavyodhani. Hizo rekodi ndiyo kabisa, nazifuatilia kama wenzangu wanavyofuatilia tamthilia.

Babu nimeshampigia. Nikamwambia: Baba, timu inaingiza watu kumi na mmoja. Wanapewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10, kama mita tisa. Wakifaulu wanapewa manne mengine, na wakifika mwisho wa uwanja wamepata tachidauni, pointi 6. Mjukuu wako ni gadi, mmoja wa wale wazuiaji watano wa mbele. Wanavaa namba kuanzia 50 hadi 79, na mwenye namba hiyo haruhusiwi kwenda mbele kupokea pasi. Kazi yao ni kuzuia adui asimfikie mwenye mpira. Babu akatulia, kisha akauliza, "Sasa kama kufunga hafungi, wanamhesabia nini?" Nilicheka mpaka machozi, kwa sababu mzee amegusa penyewe. Hawakuhesabii kitu. Fungua kitabu cha rekodi cha NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, utakuta yadi za kukimbia, yadi za pasi, mipira iliyodakwa, mateke, hata yadi za kurudisha mpira. Nyinyi watano hamna safu yenu.

Lakini hebu zitazame hizo safu zenyewe zinavyojazwa.

Mwaka 1988 kule Stillwater, kwenye chuo cha Oklahoma State, alikuwepo mkimbiaji kijana anaitwa Barry Sanders. Misimu miwili ya kwanza alikuwa akisubiri nyuma ya Thurman Thomas, na Thomas alipoondoka ndipo naye akapewa mpira. Katika mechi 11 alikimbia yadi 2,628 na kufunga tachidauni 37 kwa miguu yake. Mechi nne alipita yadi 300. Wanaume wazima wangapi wanacheza chuo miaka minne bila kufikisha 300 kwa msimu mzima? Mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida waliipeleka Tokyo, Japani, dhidi ya Texas Tech, akakimbia 332, na tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, ikatangazwa yeye akiwa huko huko. Kisha Desemba hiyo hiyo wakaenda San Diego kwenye Holiday Bowl, moja ya zile mechi za ziada baada ya msimu, wakawafunga Wyoming 62 kwa 14. Siku hiyo Sanders alipata yadi 222 na tachidauni 5.

Hizo 222 kitabuni hazimo. Wakati ule NCAA haikuwa ikihesabu mechi za Bowl katika takwimu za msimu. Ilianza kuzihesabu mwaka 2002, na walioshacheza nyuma hawakurudishiwa chao. Kwa hiyo miguu ya Sanders ilikimbia 2,850 na kitabu kinasema 2,628.

Sasa mwaka 2024, wewe mwenyewe uliniambia nimtazame Ashton Jeanty wa Boise State, yule kijana wa baba mwanajeshi wa majini aliyeanzia mchezo huu Napoli, Italia. Tulihesabu naye wiki kwa wiki. Alicheza mechi 14, ya mwisho ikiwa Fiesta Bowl dhidi ya Penn State, usiku wa kuamkia mwaka mpya, na kila yadi ikaandikwa. Penn State wakambana, wakamwachia 104 tu. Akaishia 2,601. Zimebaki 27 amfikie Sanders. Watu waliumia kweli, na mimi pia, kwa sababu nilikuwa upande wa mtoto. Lakini hesabu gani hiyo? Mmoja mechi 11, mwingine 14. Mmoja Bowl yake imetupwa, mwingine yake imewekwa. Namba ni ile aliyoamua karani, na karani akibadilisha kanuni namba nayo inabadilika. Ungetaka kujipima kwa kitu kama hicho?

Na mbele ya Sanders walikuwepo wazuiaji wake. Walijiita Nguruwe wa Vita, jina ambalo nyumbani kwetu lisingepita mlangoni, lakini ndilo walilolipenda. Muulize shabiki yeyote wa Oklahoma State akutajie angalau watatu. Wazee wa pale Stillwater watakutajia. Wengine watakutajia Sanders.

Nije Texas kwetu. Tarehe 22 Oktoba 2016, Lubbock. Wewe ulikuwa bado mdogo, ulilala kwenye kochi kabla haijaisha, nami nikaimaliza peke yangu. Texas Tech walikuwa na kwotabeki, yaani mrushaji mpira, anaitwa Patrick Mahomes, huyu huyu unayemjua. Alirusha pasi 88. Zilidakwa 52, yadi 734, akaongeza 85 za kukimbia, jumla 819, na hakuna mchezaji wa daraja la juu la vyuo aliyewahi kuzifikia kwa mechi moja. Upande wa wapinzani wao, chuo cha Oklahoma, Baker Mayfield akarusha 545 na tachidauni 7. Ukijumlisha timu mbili unapata yadi 1,708. Kama kilomita moja na nusu ya majani, jioni moja. Na Mahomes akafungwa, 66 kwa 59. Msimu ule Texas Tech walishinda mechi 5, wakapoteza 7.

Zile 734 za pasi hata si zake peke yake. Anazo pamoja na Connor Halliday wa Washington State, aliyezipata Oktoba 2014 dhidi ya California. Halliday naye alifungwa, 60 kwa 59. Yaani siku mbili kubwa kuliko zote za kurusha mpira katika daraja la juu, na zote mbili aliyerusha alirudi chumbani kichwa chini. Si bahati mbaya. Ukitaka mtu arushe mara 88, lazima awepo mwingine anayemfukuza kwa mabao, ulinzi wake mwenyewe uwe unavuja, na kocha asikubali kupoza mpira hata dakika moja. Halliday alifundishwa na Mike Leach, Allah amrehemu mzee yule kwa vituko vyake. Na kocha wa Mahomes, Kliff Kingsbury, aliwahi kuwa kwotabeki wa Leach hapo hapo Lubbock. Ni shule moja: tandaza wapokeaji uwanja mzima, rusha, usikusanyike kupanga, rusha tena.

Mimi kilichonikaa kichwani usiku ule ni zile 88. Kwa sababu kila mara Mahomes aliporudi nyuma kutafuta mtu wa kumrushia, watano walirudi nyuma pamoja naye, na kila mmoja akapokea kifuani mtu wa kilo mia na thelathini anayekuja mbio. Mara 88, ukiacha zile za kukimbia. Kama mmoja wao angechoka kwenye ya sitini, ile rekodi ingeishia chini, na Mahomes pamoja nayo. Wewe unajua zaidi yangu mabega yanavyokuwa kesho yake.

Rekodi nyingine zipo ambazo hata sizioni fahari. Mwaka 1916 Georgia Tech waliwafunga Cumberland 222 kwa 0, na Cumberland walikuwa wameshaifuta timu yao, wakaokoteza vijana tu ili wasitozwe faini. Kocha wa Georgia Tech alikuwa John Heisman, ndiye huyo huyo wa tuzo. Basi.

Na hiyo tuzo, tangu ianze, mzuiaji wa mbele hajaipata hata mmoja. John Hicks wa Ohio State alifika wa pili mwaka 1973. Orlando Pace, wa chuo hicho hicho, alikuwa wa nne mwaka 1996, na wanaoujua mchezo wanasema hawajaona kama yeye. Wakapewa wengine wenye takwimu.

Ila tazama LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, mwaka 2019. Kwotabeki wao Joe Burrow alirusha tachidauni 60 na yadi 5,671, timu ikashinda mechi zote 15. Kwenye nusu fainali dhidi ya Oklahoma alikuwa na tachidauni 7 kabla ya mapumziko. Alipokwenda kupokea Heisman aliwashukuru wazuiaji wake, tena kwa majina, kisha akalia akizungumzia watoto wanaolala njaa kule kusini mashariki mwa Ohio alikokulia, na watu wakachanga zaidi ya dola 500,000. Hapo nililia naye. Lakini kuna tuzo nyingine mwaka ule ambayo wengi hawakuisikia: ya Joe Moore, iliyopewa jina la kocha wa wazuiaji. Ilianza 2015, na haipewi mtu mmoja. Wanapewa wazuiaji wote wa timu kwa pamoja, baada ya watu wanaojua kazi kukaa na kutazama mikanda. Mwaka wa kwanza walipewa Alabama, na mkimbiaji wao Derrick Henry ndiye aliyebeba Heisman. Mwaka 2019 walipewa LSU. Hizo tuzo mbili zilitoka nyumba moja, mwanangu, na nani alimtengenezea nani njia sihitaji kukuambia.

Zile tachidauni 60 za Burrow zilikuwa rekodi ya msimu, lakini haikukaa. Miaka miwili baadaye Bailey Zappe wa Western Kentucky akarusha tachidauni 62 na yadi 5,967. Melvin Gordon wa Wisconsin ndiye aliyeonja machungu zaidi: Novemba 2014 alikimbia 408 dhidi ya Nebraska, rekodi ya daraja lote, na robo ya nne hakucheza kabisa, alipumzishwa. Wiki moja tu baadaye, Samaje Perine wa Oklahoma, mwaka wake wa kwanza chuoni, akakimbia 427 dhidi ya Kansas.

Sasa nikwambie ninavyokutazama mimi. Mpira siufuati kwanza. Narekodi mechi, halafu narudisha nyuma, naweka kidole kwenye namba 67. Ile mbio ndefu ya mwenzenu, robo ya tatu, iliyompitisha kwenye rekodi, nimeirudisha mpaka shangazi yako Mwanaidi akaninyang'anya rimoti. Umeinama, mkono wa kulia kwenye nyasi. Mpira ukatoka, ukavuta mguu wa kulia nyuma, ukakimbia nyuma ya senta, mzuiaji wa katikati, kuelekea upande wa kulia, umejikunyata usionekane, kisha ukajitokeza kwenye uwazi na kumkuta beki wao wa kati anakuja. Ulimshika kifuani kwa viganja vyote viwili, viwiko ndani, ukamsogeza hatua tatu, nne, akaanguka. Mkimbiaji wenu alikuwa ameweka kiganja chake mgongoni kwako muda wote huo. Alipokiondoa ndipo mtangazaji akaanza kupiga kelele, na kamera ikaondoka kwako.

Jina lako watu hulisikia pale tu refa anapowasha kipaza sauti na kusema umeshika, yadi 10 nyuma. Najua inauma. Na kwotabeki akiangushwa, kwenye vyuo zile yadi alizopotezewa zinakatwa kwenye hesabu yake ya kukimbia, si kwenye yako; basi hata kosa lenu linaandikwa kwa mtu mwingine.

Ukihama, kocha atakutaka upungue kilo ishirini na kitu, ujifunze kudaka ukiwa na miaka ishirini, na usubiri benchi nyuma ya watoto waliodaka tangu darasa la tatu. Kama unapenda kudaka, nenda, nitakuunga mkono. Kama ni kwa ajili ya kuandikwa, mimi sikubaliani nawe, na nimekwambia sababu.

Goti lile umelipeleka likapigwa picha? Usinijibu "liko sawa", nataka majibu ya daktari, yatume kwa WhatsApp. Mechi ya Novemba tunakuja, mimi na Mwanaidi, kwa gari. Nitapika biriani ya kuku na chapati za kutosha nyinyi watano, na wa akiba wawili watatu. Niulizie yule senta wenu kama bado hali pilipili, nimtengee yake pembeni.

Wasalaam,
Mama yako