Harambee ya Vitabu Vinne: Tuwalipe Waandishi na Wachoraji wa Kwale

Kwa wazazi, wanafunzi wa zamani na marafiki wa shule yetu hapa Msambweni,

Kwenye dawati moja la darasa la tatu utamkuta Mdigo, Mduruma, Mmakonde na Mpemba. Kwenye rafu ya maktaba hakuna hata kitabu kimoja cha hadithi kilichotungwa au kuchorwa na mtu wa jamii hizo. Vipaji vipo, tena vingi. Ila Wamakonde walitambuliwa kuwa raia mwishoni mwa 2016, baada ya kuandamana kutoka Kwale hadi Nairobi, na Wapemba wakasubiri hadi 2023. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti ya benki, na mchapishaji humlipa vipi?

Tunaomba shilingi 400,000 kwa vitabu vinne, kila jamii kimoja. Kila kitabu ni 100,000: mwandishi 20,000, mchoraji 36,000 kwa picha 12, wasomaji wawili wa jamii husika 2,000 kila mmoja, na kuchapa nakala 250 kwa shilingi 160 kila moja. Mchoraji anapata zaidi kwa sababu kazi yake ndiyo ndefu. Makubaliano yatakuwa ya maandishi: hadithi na picha zinabaki mali ya waliozitunga, shule inapewa ruhusa ya kuchapa tu.

Wale wasomaji wawili msiwaone kama anasa. Mchoraji asiyeijua bahari huichora ngalawa ikiwa na mbao za kuizuia isipinduke kwa upande mmoja tu badala ya pande zote mbili, na mtoto wa mvuvi huligundua kosa hilo kabla hajasoma neno. Kwa hiyo watapitia michoro ya penseli, kabla ya wino, maana kusahihisha baada ya hapo ni kuchora upya.

Picha za kitabu cha Kimakonde zitachongwa kwenye ubao na kupigwa chapa. Mpingo ni mgumu mno kwa kazi hiyo. Tutatumia mwembe uliokauka vizuri, kwani ubao mbichi hupinda na wino haushiki sawasawa. Picha hutoka imegeuzwa, kushoto kuwa kulia, kwa hiyo maneno hayachongwi humo, yatapangwa kando.

Kila ukurasa utakuwa na Kiswahili na lugha ya nyumbani ya mwandishi, basi sentensi zisizidi mbili, la sivyo herufi zitakuwa ndogo kwa mtoto anayeanza kusoma. Kurasa ni 24, kwa kuwa karatasi iliyokunjwa huzaa kurasa nne nne. Hatutatumia pini: chumvi ya hewa ya pwani huzitia kutu, kutu hula karatasi, na kurasa za katikati ndizo hung'oka kwanza. Tutashona kwa uzi uliopakwa nta, matundu matano kwenye mkunjo. Namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, tutaiomba Huduma ya Maktaba ya Kitaifa.

Nambari ya malipo iko kwenye kadi za mchango, na kila atakayetoa adai risiti kwa mweka hazina. Fedha za kitabu kimoja zikitimia tunaanza nacho, hatungojei zote. Asiye na pesa alete vipande vya mwembe vyenye unene wa sentimita mbili, au aje kushona; akina mama wanaoshona kofia tunawahitaji sana. Tukutane Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa tatu asubuhi, uwanjani.

Kamati ya Maktaba