Koti zito liacheni Mtwara

Bergen, Norwei

Mama, Mama Mdogo, shikamooni.

Tiketi za meli zimeshapatikana. Mtapanda hapa Bergen mapema Julai na kuteremka Kirkenes, jirani na mpaka wa Urusi, siku ya saba. Nasikia mmeshaanza kuulizia makoti mazito sokoni. Naomba myaache, na niwaeleze kwa nini.

Pwani hii inapitiwa na mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki, ndiyo maana bandari zake hazigandi hata majira ya baridi. Julai mchana mara nyingi huwa nyuzi joto 10 hadi 18. Kinachomtesa mtu ni upepo na maji. Mnajua kuvuka kwenda Msanga Mkuu mwezi wa saba, kusi linavuma na nguo imerushiwa maji: unatetemeka na jua linawaka. Ondoeni nyuzi 15 hapo, mtapata picha ya sitaha ya meli. Bergen peke yake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mtwara, na kwa siku moja mnaweza kuona jua, manyunyu na ukungu kabla ya chakula cha mchana.

Tena ndani ya meli kuna joto, na mtakuwa mkitoka na kuingia mara kumi kwa siku. Mwenye koti zito anatoka jasho ngazini, jasho linabaki ndani, akifika nje upepo unamkuta ameloa. Kwa hiyo vaeni nguo tatu nyepesi zinazopandana, za kuvua na kuvaa upesi.

Ya ndani kabisa ni fulana ya mikono mirefu na taiti, zote za sufu, seti mbili kila mmoja. Hizo nitazinunua huku. Msivae pamba mwilini mkiwa sitahani. Pamba inanyonya maji na kukaa nayo, na maji huondoa joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa. Sufu inatia joto hata ikiwa na unyevu, na haishiki harufu upesi: itundikeni usiku, ivaeni tena kesho. Kanga njooni nazo za kuvaa chumbani, na jinzi zibaki nyumbani, zikiloa hazikauki.

Sweta na koti la mvua tafuteni kwenye mitumba. Nguo za baridi hapo Mtwara hazina wateja wengi, hivyo mtapatana bei vizuri. Sweta likisemwa ni la sufu, chomoeni uzi mmoja ndani ya pindo, muuchome kwa kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika kwa vidole. Uzi wa plastiki unayeyuka na kuacha kitone kigumu.

Koti la mvua ndilo la kuchagua kwa makini kuliko vyote. Ligeuzeni ndani nje. Kwenye mishono kuwe na utepe mwembamba uliobandikwa, kwa sababu maji hupitia matundu ya sindano. Kisha sugueni bitana begani na kwapani: likinata, au likipukutika magamba meupe kama ngozi iliyobabuka, utando wa kuzuia maji umekufa na hakuna dawa. Lirudisheni hata likipendeza vipi. Likivuka hapo, mwagieni kikombe cha maji kwenye mkono wa koti, subirini dakika tano, mguse ndani. Liwe na kofia yenye kamba, lifunike makalio, na liingie juu ya sweta bila kubana. Mwavuli msibebe, upepo utaupindua.

Viatu viwe vya kufunika kifundo, soli yenye meno, vikubwa kwa namba moja kuliko kawaida, maana kiatu kinachobana soksi nene kinaufanya mguu upoe.

Mama, dawa za presha ziwe kwenye begi la mkononi, ndani ya boksi lake. Wekeni humo pia sweta na koti, kwa sababu begi kubwa linaweza kuchelewa. Meli huyumba inapotoka kwenye kinga ya visiwa, hasa kwenye bahari wazi ya Stad, Hustadvika na Vestfjorden. Dawa ya kichefuchefu humezwa saa moja kabla, si baada ya kuanza kutapika, na mumuulize kwanza mfamasia kama inapatana na dawa za presha. Na jambo la kushika sana: yeyote akipata homa huku, amwambie daktari mara moja kwamba ametoka sehemu yenye malaria. Asipoambiwa, anaweza kudhani ni mafua.

Mafuta ya nazi yataganda kama samli, kwani chini ya nyuzi 24 hivi hayabaki maji. Yatieni kwenye kopo la mdomo mpana, si chupa, na yakae begi kubwa. Mtayahitaji, hewa ya meli inakausha ngozi. Nyama na maziwa ya aina yoyote haviruhusiwi kuingia. Plagi za huku ni za pini mbili za duara, adapta ninazo.

Kuanzia visiwa vya Lofoten, huko kaskazini, jua halitazama, hivyo mje na kitambaa cheusi cha kufunika macho usiku. Ratiba ya swala ya kufuata jua haitawezekana huko, muulizeni shehe mapema mtashika ya wapi.

Nitumieni vipimo vya kifua, kiuno na urefu wa mguu kutoka kiunoni hadi kifundoni, kwa sentimita. Mkishapata makoti, nipigieni picha za mishono ya ndani kabla hamjalipa.

Mwanenu