Ujumbe wa Kuvuka Mara Moja

Kibokoni, Mombasa

Sahibu yangu mpenzi,

Ama baada ya salamu nyingi, barua yako nimeipata, na swali lako nimelisoma mara mbili: kwa nini ule ujumbe wa "Malipo yamepokelewa" hupotea kila fomu ya tovuti yako inapotumwa, ilhali umeuweka vyema kwenye ombi (request, yaani kile kivinjari kinachoiomba seva)?

Fomu ikishatumwa kwa POST, yaani njia ya kivinjari kupeleka data kwa seva, nawe ukakielekeza kivinjari kwenye ukurasa mwingine kwa jibu namba 302 au 303, kivinjari huanza ombi jipya kabisa, na chochote ulichokiweka katika ombi la kwanza huondoka nalo. Lakini usiache kuelekeza hivyo ili kuuponya ujumbe, kwa kuwa mteja akiupakia ukurasa upya, fomu yaweza kutumwa tena na malipo yakaingia mara mbili.

Mimi nilipoitengenezea nyumba moja ya wageni hapa Mji wa Kale mfumo wa kuwekesha vyumba, nilijitia ujanja nikauweka ujumbe katika sesheni, yaani kumbukumbu ambayo seva humwekea kila mtumiaji. Kumbe sesheni hukaa. Kwa Tomcat, seva ya programu za Java, usipobadilisha kitu, ni dakika 30 tangu ombi la mwisho. Mgeni akafuta nafasi yake, na juu ya ukurasa uo huo akasoma kwamba chumba chake kimehifadhiwa! Alipiga simu kwa hamaki, na haki alikuwa nayo.

Dawa ni hifadhi ya fleshi (flash), yaani ya kubeba kitu hadi ombi moja lifuatalo tu, ambayo JSF, mfumo wa kuundia tovuti kwa Java, inayo tangu toleo la 2.0. Kwa kuwa wewe watumia Spring, mfumo mwingine wa Java, nayo inayo tangu toleo la 3.1: ukiita addFlashAttribute ya RedirectAttributes, ujumbe huvuka hadi ombi lifuatalo, kisha hufutwa. Chini yake, kwa kawaida, ni sesheni ile ile, ila sasa yuko wa kufagia. Ndiyo maana mtu aliyefungua kurasa mbili kwa pamoja aweza kuuona ujumbe mahali pasipo pake, ingawa Spring huukumbuka ukurasa uliokusudiwa ili kulipunguza tatizo hilo.

Namba ya risiti usiiweke humo kamwe. Mteja akipakia upya, fleshi imekwisha, naye atabaki na ukurasa mtupu. Iweke katika anwani ya ukurasa kwa addAttribute, na uhakikishe kila mara kwamba anayeifungua risiti ndiye mwenyewe.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Sahibu yako wa Kibokoni